Mama yangu Mkristo anaumwa, wenzangu wa darsa wananambia nimrudishe kijijini

Asalaam aleykum Mwalimu, na shikamoo.

Mi ni kijana wa kiume, nimeoa, nakaa Mbagala, kazi yangu fundi wa madirisha ya alminiamu. Kwetu Muheza, sisi Wabondei. Baba alikuwa Muislamu, mama Mkristo wa Anglikana na hajawahi kubadili dini, waliishi hivyo hivyo vizuri tu mpaka baba akafariki mi nikiwa mdogo sana. Baba alipofariki wajomba zangu walitaka nibatizwe nikae upande wao, mama ndo alokataa, akasema mume wangu kaniachia huyu mtoto na dini yake, basi yeye ndo alikuwa ananifulia kanzu na kunipeleka chuoni kila alasiri, ananisubiri nje chini ya mwembe na wamama wengine mpaka tunatoka, na nikichelewa kuhifadhi ananigombeza yeye kabla ya ustadhi. Haya nayasema ili unielewe mama yangu ni mtu wa aina gani.

Sasa tangu nihamie Dar nimejiunga na darsa moja mtaani kwetu, na nashukuru Mungu maana imenisaidia sana, sala zangu zimekaa sawa, nimeacha mambo mengi ya hovyo, na tuna grupu letu la Wasap tunatumiana mawaidha na klipu za masheikh. Siwasemi vibaya, ni watu waliosimama na mimi hata nlipokosa kazi.

Tatizo limeanza juzi juzi. Mama ana kisukari na ana kidonda mguuni hakiponi, nikamleta mjini atibiwe, anakaa na sisi kwenye chumba na sebule. Siku anafika alikuja na kiroba cha machungwa na jogoo ameshachinjwa na mzee jirani yetu Muislamu, kwetu ndo desturi kila kuku anaitiwa yule mzee ili wote tule. Akampika na nazi. Mimi nikakumbuka nlichosikia darsani kuhusu chakula na vyombo vyao, nikamwambia mke wangu awape majirani. Mama aliiona ile bakuli inatoka mlangoni, hakusema kitu.

Jumapili akaomba apelekwe kanisani kwao, halipo mbali lakini kwa ule mguu hawezi. Nikakataa. Mke wangu (ni Muislamu, wa Lindi) akamchukua kwa bajaji kimya kimya, akamshusha, akamsubiri nje. Kuna mwenzetu wa darsa akawaona, akaandika kwenye grupu. Hapo ndo pakawaka. Wakaniwekea ile aya ya Al-Maida 51, msiwafanye Mayahudi na Manasara (Wakristo) kuwa marafiki, na atakayefanya urafiki nao basi ni katika wao, na aya ya At-Tawba 5, ile ya kuwapiga vita washirikina, wanaiita aya ya upanga. Nikajibu mbona kuna aya za kuwafanyia wema, nikaambiwa zile zote zilishafutwa na aya ya upanga. Mmoja akaniambia mpe mama muda, asiposilimu arudi Muheza, na ukiruhusu aende tena kanisani utakuwa umeshiriki kufuru na ujiangalie hata ndoa yako ipo au haipo.

Nikagombana na mke wangu kwa maneno makali na sa hivi analala sebuleni na mama. Usiku mama anasali kwa sauti ya chini na Biblia yake, nasikia, sijui nimkataze au niache. Juzi kaniuliza, mwanangu kama nawaletea shida nirudi nyumbani? Nimeshindwa kumjibu.

Mwalimu nisaidie kwa aya na hadithi sio kwa hisia, maana wenzangu wakiniona nimelegea wanasema nimefuata matamanio. Je, mama arudi? Chakula chake nile? Kanisani apelekwe na nani? Na hizo aya ni kweli zimefutwa?

Kijana wa Mbagala

MWALIMU ANAJIBU

Waaleykum salaam warahmatullah. Marahaba mwanangu, pole kwa mtihani, na umpe mama pole ya mguu.

Nianze na linalokuumiza zaidi. Hapana, usimrudishe mama Muheza, na kesho asubuhi umwambie hivyo kwa kinywa chako asikae na hilo swali kifuani. Umeniomba aya na hadithi, nitakupa. Ila mi si mufti, mi ni mwalimu wa chuo, nitakueleza kilichomo vitabuni na wewe nenda ukakae na sheikh unayemuamini ana kwa ana, sio kwa klipu ya dakika mbili, umsomee haya nliyoandika akuhakikishie.

Unajua kilichonisikitisha kwenye meseji za wenzako? Sio kwamba wana wivu na dini, huo wivu ni mzuri na umekuokoa na mengi kama ulivyosema mwenyewe. Ni kwamba wamezikusanya aya zilizoshuka kuhusu watu wa vita na watu waliovunja mikataba wakazielekeza kwa mama mgonjwa wa kisukari, wakati Qurani ina aya zinazoongelea mama moja kwa moja, mama asiye na dini ya mwanawe, na hizo hakuna hata mmoja aliyeziweka kwenye grupu. Sasa mtu akitaka hukumu ya mama yake kwanini aanzie kwenye aya ya vita akaipita aya ya mama?

Fungua Sura Luqman, aya ya 14 na 15. Mwenyezi Mungu anaanza kumkumbusha mtu mimba aliyobebwa, udhaifu juu ya udhaifu, na kunyonya miaka miwili, halafu anasema wazazi wako wakikushikilia umshirikishe Mungu basi usiwatii, na hapo hapo, kwenye aya ile ile, anaamrisha ukae nao duniani kwa wema. Usikilize vizuri hapo. Huyo mzazi anayetajwa sio tu si Muislamu, ni mzazi anayempigania mtoto atoke kwenye Uislamu, na bado amri ni kukaa naye kwa wema. Katika Sahihi Muslim imekuja kuwa sababu yake ni Saad bin Abi Waqqas, mama yake aliapa hali wala hanywi wala hasemi naye mpaka Saad aiache dini ya Muhammad, akakaa hivyo mpaka akazimia. Saad hakuiacha dini, na Qurani haikumwambia mfukuze mama. Sasa mama yako wewe hajakuambia utoke, kafanya kinyume, kakushika mkono kukupeleka chuoni wakati wajomba wanakuvuta kwenye ubatizo. Kama yule aliyetaka kumtoa Saad anastahili wema, huyu wako tumweke wapi?

Halafu ipo hii nyingine, nilipofika kwenye bakuli lako la kuku nimeikumbuka palepale. Asmaa binti Abubakar, yule dada yake Bi Aisha, mama yake aliitwa Qutayla, aliachika kwa Abubakar zamani za ujahilia na alikuwa bado anaabudu masanamu. Wakati wa ule mkataba wa amani na Makureshi, Qutayla akatoka Makka akaja Madina kumuona binti yake, na hakuja mikono mitupu, alikuja na zawadi za chakula, samli ikiwemo. Asmaa akakataa kupokea zawadi na akakataa hata kumuingiza mama yake ndani mpaka aulizwe Mtume (SAW). Riwaya hii ipo katika Musnad ya Imam Ahmad. Bi Aisha akaenda kuuliza, na jibu likawa apokee zawadi ya mama yake na amuingize nyumbani, na ikashuka aya ya 8 ya Sura Al-Mumtahana, kwamba Mwenyezi Mungu hawakatazi kuwafanyia wema na uadilifu wale ambao hawakuwapiga vita kwa sababu ya dini wala hawakuwatoa majumbani mwenu. Na katika Bukhari Asmaa mwenyewe anasimulia alivyomuuliza Mtume, nimuunge mama yangu? Akamwambia naam, muunge mama yako.

Yaani mtu mwenye swali lako ameshawahi kuuliza, na alomjibu ni Mtume. Mama mlangoni, chakula mkononi, mtoto anasita. Na huyo alikuwa muabudu masanamu, wakati mama yako ni katika Ahlul Kitabu, yaani Mayahudi na Wakristo, ambao hukumu yao ni nyepesi zaidi. Mi sijui nikuletee dalili gani iliyo karibu kuliko hiyo.

Haya, tuje kwenye Al-Maida 51. Aya ni ya kweli, ni maneno ya Mungu, hatuikwepi. Lakini chukua msahafu wako usome na aya ya 52 inayofuata, utakuta inawataja watu wenye maradhi nyoyoni wanakimbilia kwa wale wengine wakisema tunaogopa mambo yasije yakatugeukia. Sasa hayo si maneno ya mtu anayemuuguza mama yake, hayo ni maneno ya mtu anayeangalia vita itaishaje ili awe upande wa mshindi. Na wafasiri wameitaja habari ya Abdallah bin Ubayy na Ubada bin Samit, wote wawili walikuwa na mikataba ya kusaidiana na Mayahudi wa Banu Qaynuqa, uhasama ulipotokea Ubada akajitoa akasema mimi ni wa Mungu na Mtume wake, bin Ubayy akang'ang'ania akisema mi ni mtu ninayeogopa mageuzi. Zipo riwaya nyingine za sababu ya kushuka, na Imam Tabari, mfasiri mkubwa wa Qurani wa zamani, amezileta, kisha akaeleza kwamba makatazo ni kwa kila muumini asiwafanye hao kuwa wasaidizi na washirika wake dhidi ya waumini. Dhidi ya waumini. Mama yako kakusaidia dhidi ya muumini gani?

Na kuna jambo liko wazi kabisa nashangaa watu wanalirukaje. Sura ni hiyo hiyo Al-Maida, rudi nyuma aya ya 5, Mwenyezi Mungu anahalalisha chakula cha waliopewa Kitabu na anahalalisha kuoa wanawake wao wenye kujihifadhi. Baba yako Mungu amrehemu alioa kwa aya hiyo. Sasa haiwezekani Mungu amruhusu mtu kuoa Mkristo, alale naye, azae naye, ale alichopika, halafu mbele kwenye sura hiyo hiyo amkataze mtoto waliomzaa asimpende mama yake. Usomaji wa namna hiyo unaigonganisha sura na sura yenyewe, na Qurani haijigongi.

Suala la kufutwa. Hapa nitakuwa mkweli kwako maana umeuliza kwa nia ya kujua. Ni kweli wapo waliosema hivyo, na ni watu wakubwa, imepokewa kwa Qatada, mwanazuoni wa zama za mwanzo, kuwa ile aya ya Mumtahana ilifutwa na aya ya At-Tawba. Kwa hiyo mwenzako hakuitunga. Ila alichofanya ni kukuletea kauli moja akaiita dini nzima. Tabari, aliyefariki mwaka 310 Hijria, sawa na 923 kwa hesabu ya sasa, na ndiye wafasiri wengi waliokuja nyuma wanamtegemea, amezileta kauli zote kwenye aya hiyo kisha akapitisha kuwa iliyo sahihi ni kwamba aya inakusanya watu wa mila na dini zote wasiotupiga vita, na kwamba kauli ya kufutwa haina maana. Na akatumia nini kuwa hoja? Kisa cha Asmaa na mama yake. Mumpelekee hiyo kauli ya Tabari aliyewaambia zimefutwa zote, kwa adabu, mumuulize ameijibuje.

Na hata hiyo At-Tawba 5 wanayoiita aya ya upanga usiisome imekatwa kichwa na miguu. Aya ya 4 kabla yake inawavua wale washirikina wenye mikataba ambao hawakuivunja, watimiziwe ahadi zao mpaka mwisho. Aya ya 6 baada yake inasema mshirikina mmoja akikuomba hifadhi mpe hifadhi asikie maneno ya Mungu, kisha mfikishe mahala pake pa amani. Pale pale katikati ya maneno ya vita, mtu wa upande wa pili akiomba hifadhi anasindikizwa mpaka afike salama. Sasa mama yako yupo sebuleni kwako anakuuliza kama akuondokee, na hao ndugu wanataka umpandishe basi la Tanga na kidonda chake, kwa jina la sura hiyo hiyo.

La kumpa muda asilimu. Hili naomba ulikatae kwa nguvu zote. La ikraha fiddin, Al-Baqara 256, kila mtoto wa chuo anaijua, lakini wachache wanajua ilishukia wapi. Ilishukia ndani ya familia kama yenu. Katika Abu Daud imepokewa kwa ibn Abbas kuwa wanawake wa Kianswari, yaani Waislamu wenyeji wa Madina, waliokuwa wanafiwa na watoto walikuwa wanaweka nadhiri mtoto akiishi atalelewa Uyahudi, kisha kabila la Kiyahudi la Banu Nadhir walipoondolewa Madina wakawamo watoto wa Answari, wazazi wakasema hatuwaachi watoto wetu, ndo ikashuka hakuna kulazimishana katika dini. Na wafasiri wakataja pia mtu wa Bani Salim bin Awf aliyekuwa na wanawe wawili Wakristo akataka kujua awalazimishe au la. Kwa hiyo aya inamzuia baba asimlazimishe mwanawe, je mtoto amlazimishe mama kwa kumtishia dawa na pa kulala? Muombee dua ya uongofu kila siku, hilo ni haki yako na ni mapenzi. Abu Huraira alikaa na mama yake asiye Muislamu, mama anamtolea Mtume maneno mabaya mpaka Abu Huraira analia, na bado hakumfukuza, alikwenda kwa Mtume akaomba mama aombewe dua. Na mama akasilimu. Habari hiyo ipo Sahihi Muslim.

Chakula chake ule, na ule mbele yake. Kuku kachinjwa na Muislamu, hapo hata mjadala haupo. Kuhusu vyombo, Abu Thaalaba al-Khushani alimuuliza Mtume juu ya vyombo vya Ahlul Kitabu, akaambiwa msipopata vingine vioshe kisha kuleni humo, na ile ni nchi ambayo watu wanajulikana kupikia nguruwe na kunywea pombe. Wewe mama anapika kwenye sufuria za mkeo, kwenye jiko la mkeo. Na kabla ya hapo, huko Muheza mwanamke Mkristo anasimama na kuku mkononi anamsubiri mzee Muislamu aje achinje ili mwanawe ale kwa amani, na kafanya hivyo miaka yote, hata wewe usipokuwepo. Mabonde hayo ya Muheza wamisheni wa Magila wapo tangu miaka ya 1860 na Uislamu umepanda kutoka pwani, watu wamezikana na kuozana muda wote huo kwa adabu za namna hii. Nani kaja kutuambia hiyo ni dini pungufu?

Kanisani sasa, maana hapa ndo penye mjadala wa kweli na sitaki nikurahisishie. Wanazuoni wamelizungumza suala lako kabisa, Muislamu mwenye mzazi asiye Muislamu, kipofu au asiyejiweza, anataka kwenda kanisani. Katika vitabu vya madhehebu ya Kihanafi utakuta kuwa mtoto asimuongoze kwenda, lakini amuongoze kumrudisha nyumbani. Na wapo wanazuoni wa madhehebu ya Maliki walioandika kuwa amuongoze mpaka kanisani na ambebe kama hawezi, wakaongeza na kumpa cha kutumia kwenye sikukuu zao, wakaliweka hilo katika mlango wa kuwatendea wema wazazi. Umeona? Wanazuoni wametofautiana hapo na hakuna aliyemuita mwenzake kafiri. Mi mwenyewe nafsi yangu inaegemea kwa hao Wamaliki, kwa sababu anayesali ni yeye na wewe unayebeba ni mguu wake. Hupokei komunyo, husali sala yao, umemshusha mlangoni ukakaa kwenye bajaji. Kitu ambacho Qurani imekukataza ni kutii katika kumshirikisha Mungu, sio kumshika mama mkono asianguke kwenye ngazi.

Lakini kama moyo haujatulia na hilo, usifanye ukiwa na shaka, zipo njia nyingine. Wazee wa kanisa lao ukiwaambia kuna mama mgonjwa watamtuma mtu amfuate, na padri wao anawatembelea wagonjwa majumbani. Mlipie bajaji dereva ampeleke. Na kumrudisha nyumbani hata hao Wahanafi wamekuruhusu, kwa hiyo angalau saa ya kutoka uwepo pale umpokee. Kitakachokuwa kibaya ni akae ndani Jumapili nzima anasikia kengele na mtoto wake kamfungia.

Biblia na sala zake za usiku usimkataze. Ibn Is'haq amepokea katika sira kuwa ujumbe wa Wakristo wa Najran, wapanda farasi na ngamia kiasi cha 60, walifika Madina, wakati wa ibada yao ukafika wakasimama ndani ya msikiti wa Mtume kusali wakielekea mashariki, masahaba wakataka kuwazuia, Mtume akasema waacheni. Isnadi ya kisa hiki, yaani mlolongo wa wapokezi wake, wanazuoni wameijadili, nakwambia ili mtu asikushtukize nayo, lakini Ibnul Qayyim ambaye najua wenzako wanamheshimu sana amekileta katika Zad al-Maad na akatoa humo hukumu kuwa yafaa. Msikiti wa Mtume, sio sebule ya kupanga Mbagala. Wewe sali zako, Qurani isomwe humo ndani, asikie, na yeye umuachie kona yake. Na katika Sura Al-Hajj aya ya 40 Mungu ametaja nyumba za watawa na makanisa na masinagogi na misikiti pamoja, sehemu ambazo jina lake linatajwa kwa wingi, kwamba lau si kuwakinga watu wao kwa wao zingebomolewa.

Mipaka ipo na usiione aibu. Hupokei imani ya Utatu ili kumfurahisha, husemi dini zote sawa kama hivyo sivyo unavyoamini, na mama wala hajakuomba hayo. Uvumilivu ninaokuambia haupunguzi hata harufi moja ya shahada yako, na atakayekuambia ili uwe mwema kwa mama lazima uwe na shaka na dini yako huyo naye amekosea, sawa na yule aliyekuambia ili uwe na dini lazima uwe mkavu kwa mama.

Ndugu zako wa darsa usiwakimbie. Ila maneno ya kusema umeshiriki kufuru na ndoa yako haipo ni maneno mazito mno kuandikwa na kijana kwenye simu yake saa nne usiku. Mtume amesema katika Bukhari, mtu akimwambia nduguye ewe kafiri basi neno hilo linarudi kwa mmoja wao. Hayo ya ndoa hayana msingi wowote, mkeo ni Muislamu aliyemsaidia mkwewe mgonjwa. Usibishane nao kwenye grupu maana kule kila mtu anataka kushinda mbele ya watu. Mchukue yule mmoja unayemuona ana busara, mkae msikitini baada ya Isha, mfungue pamoja Mumtahana 8 na Luqman 15 kwenye tafsiri ya Sheikh Abdallah Saleh Farsy, ile ya mwaka 1969 iliyojaa majumbani kwetu, msome na maelezo yake. Akikuelewa atawaelewesha wengine kwa ulimi wake na wewe hutakuwa peke yako. Wasipokuelewa kabisa na wakaendelea kumtaja mama yako kwenye lile grupu, ondoka kwenye grupu, darsa zipo nyingi Dar es Salaam.

Mkeo umuombe radhi leo hii, na umuombe mbele ya mama, kwa sababu ugomvi mama aliusikia na anajua ni kwa ajili yake. Alichofanya yeye ndicho ulichotakiwa kufanya wewe. Arudi chumbani kwake, sebuleni pale mtafutieni mama godoro zuri linalonyanyua mguu. Na mama ukimjibu usimjibu kwa hotuba, mwambie tu haendi popote mpaka kidonda kipone, muulize Jumapili ibada yao inaanza saa ngapi, halafu siku ya kliniki umpeleke wewe mwenyewe, hata kama kuna dirisha la mteja linasubiri.